Saumu ya Mjomba na Sukari Isiyongoja: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Picha ya kwanza ilijaa mabega. Katika picha za PET, kipimo kinachoonyesha sehemu za mwili zinazokula sukari, mahali panapokula sukari nyingi hutokea peusi, na mabega ya mjomba yalikuwa meusi ti, mapaja meusi, moyo mweusi kama kipande cha mkaa. Ini lilikuwa limepauka. Mjomba aliitazama skrini kwa muda, akageuza viganja vyake akaviangalia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mpwa wangu, imeshafika mpaka mikononi?"

Haikuwa imefika popote. Mikono ile ilikuwa mizima kabisa. Tulichokuwa tunakiona kilitokana na neno moja ambalo mimi mwenyewe, kwa nia njema, nilimwambia siku tatu kabla ya hapo. Nakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu watu wa upande wetu wa Uganda wamepanda sana mabasi ya usiku kwenda Nairobi na wagonjwa wao kwa ajili ya kipimo hiki, na wengi huenda wakijua jina la mashine tu.

Mjomba wakati huo alikuwa na miaka 58. Ni dereva wa malori mstaafu, nyumbani kwake ni Busia, na barabara ya Mombasa hadi Kampala anaijua shimo kwa shimo. Ana kisukari cha miaka mingi, anajidunga insulini asubuhi na jioni na kumeza vidonge vya kisukari vya metformin juu yake. Desemba 2018 aligundulika ana limfoma, saratani ya tezi za limfu, donge kubwa likiwa katikati ya kifua nyuma ya mfupa wa kidari. Alitibiwa Kampala, mizunguko 6 ya dawa, mmoja kila baada ya siku 21, akamaliza mwanzoni mwa Aprili 2019. Mimi kazi yangu ni kupiga eksirei na CT (eksirei ya vipande vipande), kwa hiyo ukoo mzima ulinikabidhi mgonjwa na karatasi zake.

CT ya mwezi Mei ilionyesha donge limenywea, ila halikuisha. Zilibaki sentimita 4. Hapo ndipo CT inapoishia. Inapima umbo: urefu, upana, mahali. Donge la saratani lililouawa na dawa mara nyingi huacha kovu, na kovu lina urefu na upana kama kitu kingine chochote. Daktari alitueleza waziwazi kwamba kwa picha ile hawezi kusema kama ameshinda au bado. Alihitaji kujua kama kile kilichobaki bado kinakula. Kwa hilo kulikuwa na kipimo cha PET, na mwaka huo Uganda haikuwa na mashine yake. Nairobi walikuwa nayo, pamoja na mtambo wa kutengeneza sukari yake.

Hili liliniuma, na bado linaniuma. Limfoma ni ugonjwa ambao Kampala ina jina lake katika vitabu vya dunia nzima: ni hospitali ya Mulago ambako daktari Denis Burkitt aliona uvimbe wa taya za watoto akauandika mwaka 1958, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa pale pale mwaka 1967. Miaka 50 na ushei baadaye, swali la kawaida kabisa juu ya limfoma ilibidi tulisafirishe kilomita 650.

Kabla ya safari mjomba alikuwa na swali lake, na lilikuwa swali zuri: "Mimi nina kisukari, nyinyi mnakwenda kunidunga sukari?"

Sukari yenyewe ni glukosi iliyobadilishwa kidogo. Kwenye kaboni yake ya pili wameondoa oksijeni na hidrojeni yake, wakaweka atomi moja ya florini. Wakemia wa Prague ndio waliounda sukari ya namna hii kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960, bila mionzi yoyote. Florini inayotumika hospitalini ni florini-18, ambayo inatoa mionzi. Kiasi kinachodungwa ni kidogo kuliko punje moja ya sukari ya mezani. Damu haikitambui kabisa. Nilipomweleza hivyo mjomba alitulia, ila alitaka kujua sukari kidogo namna hiyo inafanyaje kazi, na hapo nikamjibu kwa lugha ya forodha kwa kuwa ndiyo aliyoishi nayo.

Lori linafika mpakani. Geti la kwanza halikagui sana, linaona lori ni kama malori mengine, linafunguliwa. Ndani linapigwa muhuri, na likishapigwa muhuri haliruhusiwi kurudi lilikotoka. Kisha linafika dirisha la pili, na hapo wanagundua karatasi moja haipo. Haliendi mbele, halirudi nyuma, linalala yadi. Seli inafanya vivyo hivyo. Mlango wake unaipokea sukari ya florini kama glukosi yoyote, kimeng'enya cha kwanza kinaibandika fosfati, ndio muhuri, halafu kimeng'enya kinachofuata kinaikataa kwa sababu ya ile florini. Inakwama ndani. Mwenye biashara kubwa huagiza malori mengi, kwa hiyo ukihesabu malori yaliyolala yadi unajua nani anaagiza sana. Seli nyingi za saratani huagiza sana. Mwanasayansi Otto Warburg aliliona hilo huko Berlin tangu miaka ya 1920.

Mjomba akauliza: "Na hayo malori yanatoka lini?" Sikutegemea aulize, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Florini-18 ikishatoa mionzi yake inageuka oksijeni. Ile karatasi iliyokosekana inakuwa imefika yenyewe. Sukari iliyokwama inakuwa glukosi ya kawaida, dirisha linaipitisha, seli inaila.

Kamera ya PET haitoi mionzi yake yenyewe kama eksirei yangu. Florini inatoa chembe iitwayo positroni, positroni inakutana na elektroni hapo hapo jirani, zote mbili zinatoweka na kuacha miale miwili inayokimbia kila mmoja upande wake, mgongo kwa mgongo. Pete ya vipokezi iliyomzunguka mgonjwa inaidaka yote miwili kwa wakati mmoja na kujua kwamba chanzo kiko mahali fulani kwenye mstari ule. Mistari mamilioni inapokatana, picha inajitokeza. Mgonjwa ndiye taa.

Lilikuwapo swali la pili la mjomba, la kidereva: mbona wasilete hiyo sukari Kampala, sisi tukabaki nyumbani? Nusu ya florini-18 huisha kila dakika 110, hata ukiifungia kwenye kasha la namna gani. Tuliipakia kwenye basi, mimi na yeye, tukiwa tumekaa kwenye mkeka barazani kwake. Toka Nairobi na mzigo wa 100. Ukishaiacha Naivasha, unao 50. Ukiwa umepita Nakuru, 25. Ukikaribia Eldoret, 12 na nusu. Webuye, 6. Saa 12 za safari zikikamilika uko Kampala na kama 1 mkononi. Akatikisa kichwa. "Hata kuku hawafi njiani kiasi hicho," akasema. "Basi twende sisi." Mwaka 1976, sukari hii ilipodungwa kwa mara ya kwanza katika mwili wa binadamu, ilitengenezwa maabara ya Brookhaven karibu na New York ikapelekwa Philadelphia kwa ndege, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo hospitali yenye mtambo huanza kazi alfajiri. Saiklotroni, ndio mtambo wenyewe, inazungusha protoni na kuzipigisha kwenye maji yenye oksijeni-18, florini inapatikana, inaunganishwa na sukari ndani ya kasha la risasi, inakaguliwa, na orodha ya wagonjwa inapangwa kwa dakika. Ukichelewa kwa saa mbili, zaidi ya nusu ya sindano yako imeshapotea.

Tulisafiri katikati ya Juni, wiki mbili baada ya Idi. Maagizo ya hospitali yalikuja kwa Kiingereza kwenye simu yangu, na mimi nikampigia mjomba nikayafupisha. Nilimwambia hivi: "Mjomba, kuanzia saa nne usiku ufunge."

Ufunge. Sikufikiri mara mbili. Mjomba ni Mwislamu, ametoka kwenye Ramadhani siku chache tu, na ingawa ugonjwa ulimpa ruhusa ya kutofunga, neno hilo kwake lina maana moja iliyonyooka tangu utotoni. Kufunga ni kutokula na kutokunywa. Kwa hiyo hakunywa hata tone la maji, wakati kipimo hiki kinataka mgonjwa anywe maji matupu kwa wingi ili damu na figo visafishe sukari iliyobaki. Na jambo la pili, zito zaidi: miaka mingi nyuma alimwuliza shehe wake juu ya insulini akaambiwa sindano haifunguzi saumu, kwa kuwa si chakula. Basi saa 12 asubuhi, katika chumba cha loji, akafungua ile chupa ya chai anayobebea insulini kwenye maji baridi, akajidunga kipimo chake cha kila siku. Mimi nilikuwa nje natafuta teksi.

Hospitalini nilijaza fomu kwa niaba yake. Ilikuwapo sehemu ya kuandika insulini ya mwisho ilichomwa lini. Niliandika "jana jioni" bila kumwuliza, kwa sababu akilini mwangu mtu ambaye hajala hajidungi. Alipimwa sukari ya damu ikawa milimoli 4.8 kwa lita. Kila mtu alifurahi. Kikomo wanachokiangalia ni 11, na mgonjwa wa kisukari aliyefika na 4.8 anaonekana kama mwanafunzi bora. Namba ile ilitupofusha. Ilikuwa chini kwa sababu insulini ilikuwa kazini wakati ule ule.

Muuguzi alikuja na sindano imevishwa ala nene ya chuma, nzito kiasi kwamba aliishika kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Sekunde chache, imekwisha. Mjomba akalazwa kwenye kiti cha kuegemea, taa zikapunguzwa, akaambiwa asiongee wala asitembee kwa saa nzima. Baadaye akaingia kwenye pete. Halafu yakaja yale mabega.

Insulini ndiyo inayofungua milango ya misuli na moyo kwa ajili ya sukari. Sukari ya florini ilipoingia katika damu ilikuta milango hiyo iko wazi mwili mzima, ikamiminika humo, na kwa donge la kifuani kikabaki kidogo mno. Kama lingekuwa hai lisingeonekana vizuri. Kama lingekuwa limekufa tusingejua tofauti. Nilijiuliza pia kama ni ile begi aliyoipandisha ngazi za loji, kwa kuwa misuli iliyofanya kazi nayo hula sukari. Lakini begi lilibebwa bega moja, na weusi ule ulikuwa sawa pande zote mbili, na moyo pamoja nao. Daktari wa picha alikuja mwenyewe, akakaa karibu na mjomba, akamwuliza kwa Kiswahili: "Mzee, leo umejidunga saa ngapi?" Mjomba akajibu papo hapo, bila wasiwasi wowote: "Saa kumi na mbili, kama kawaida."

Ripoti iliandikwa kwamba picha haisomeki, irudiwe. Ng'ombe wawili walikuwa wameuzwa kwa ajili ya safari ile. Tena tulikuwa na bahati: mtu mwenye insulini tumboni na hajala wala kunywa angeweza kuanguka kwenye korido.

Nimelichambua kosa hili mara nyingi, na sioni kwamba ni la mgonjwa hata chembe. Alitii kila neno. Alitii kuliko wengi wanavyotii. Tatizo ni kwamba katika kazi yangu mimi mgonjwa huja alivyo: awe ameshiba au ana njaa, amelala au amekesha, mfupa uliovunjika utaonekana umevunjika. Sukari inaukamata mwili ukiwa kazini. Alichokunywa, alichokimeza, alichokidunga, baridi aliyoipata, ngazi alizopanda, vyote vinaingia kwenye picha. Safari kutoka Busia ilikuwa sehemu ya kipimo, na mimi niliichukulia kama nauli tu.

Tulirudi baada ya wiki nne, Julai. Safari hii tulikwenda kwanza kwa daktari wake wa kisukari akapanga mwenyewe: chakula cha jioni chenye wanga kidogo, sindano ya jioni kama kawaida, ya asubuhi isubiri ndani ya chupa mpaka picha iishe, metformin isimame siku mbili kabla kwa kuwa huufanya utumbo ule sukari kwa wingi na kuchafua picha. Huo ulikuwa mpango wa aina ya insulini anayoitumia yeye. Mgonjwa mwingine asiuchukue bila kumwuliza daktari wake. Tulifika Nairobi siku moja kabla, mimi nikabeba mizigo yote. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: USILE. KUNYWA MAJI. USIJIDUNGE ASUBUHI. Neno "funga" halikuwemo. Nairobi ya Julai ina baridi kali na mwili unaotetemeka huwasha mafuta ya kahawia ya shingoni ambayo nayo ni walaji wa sukari, kwa hiyo alivaa koti na kofia ya sufi mpaka mlangoni, na muuguzi akamwongezea mablanketi mawili.

Sukari ya damu ilikuwa 8.9. Namba mbaya kuliko ya kwanza, na picha safi kama kioo.

Misuli ilinyamaza. Ini lilionekana. Kibofu kilikuwa cheusi, kama inavyotakiwa, kwa sababu figo huimwaga sukari hii kwenye mkojo. Donge la kifuani, zile sentimita 4, lilikuwa na rangi ile ile ya damu inayopita kando yake. Wasomaji wa picha hizi hutumia mizani ya ngazi tano iliyopewa jina la mji wa Deauville, Ufaransa, walikokutana mwaka 2009; hulinganisha donge na damu ya kifuani na ini. Donge la mjomba lilipewa 2. Lilikuwa kovu.

Lakini juu ya pafu la kulia palikuwa na doa jeusi jipya, na tezi moja juu ya mfupa wa mtulinga iliwaka pia.

Sitasahau ukimya wa mjomba ndani ya basi siku ile. Tulipita Nakuru bila yeye kutaja barabara hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshasoma ripoti na nilijua maneno mawili yaliyoandikwa mwishoni: limfoma iliyorudi, au maambukizi, kifua kikuu kikiwa cha kwanza kufikiriwa. Seli za ulinzi zinazopambana na vijidudu vya TB nazo zina njaa kali, na sukari haiulizi anayekula anaitwa nani. Katika nchi zisizo na TB nyingi, doa jipya baada ya limfoma huwatisha watu upande mmoja. Kwetu hali ni tofauti. Shirika la Afya Duniani limeiweka Uganda katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB pamoja na virusi vya Ukimwi, na mjomba alikuwa na sababu mbili za ziada: kisukari, kinachoongeza hatari ya TB, na dawa za saratani zilizotoka kumvunja kinga. Daktari wa picha aliyeandika "kifua kikuu" kwanza alikuwa anawajua watu anaowasomea.

Daktari wa Kampala hakukisia. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, yakaonyesha TB. Hata hivyo akataka sindano ya kuchukua nyama ya ile tezi ya shingoni, kwa sababu magonjwa mawili yanaweza kulala kitanda kimoja, na kuanza dawa za TB huku limfoma inakua ni kupoteza mtu. Niliuona uamuzi ule kuwa mgumu kwa mzee aliyekwishachoka kudungwa. Leo nauona kuwa ndio uliotulaza usingizi. Majibu: uvimbe wa TB, hakuna seli ya saratani.

Alianza dawa mwezi Agosti, miezi miwili ya dawa nne, miezi minne ya dawa mbili, bure, kutoka kituo cha afya cha karibu na kwake. Alimaliza Februari 2020. Ilikuwa tuende Nairobi mara ya tatu, ila Machi mpaka ukafungwa kwa abiria, na malori tu ndiyo yakawa yanapita Busia huku yeye akiyahesabu kutoka barazani. CT ilifanyika Kampala baadaye, nikampiga mwenyewe. Pafu limesafika. Donge lina sentimita 4, halijaongezeka hata nukta.

Ile karatasi ya herufi kubwa bado anayo. Ameikunja mara nne akaitia kwenye mfuko wa chupa ya chai, pamoja na sindano zake.